Ujasiri Ni Nusu ya Neno

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya ufundi, Morogoro

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mlioamka alfajiri kuwahi hapa, na ninyi wanangu mnaohitimu leo: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mjasiriamali, ni mtu wa namna gani, na ana nini hata afanikiwe pale wenzake wanapokwama. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana swali hili nimelibeba kwa muda mrefu. Miaka kumi na minne nilikuwa afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo hapa hapa Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa pili wa meza. Mtu ananieleza biashara yake, nami napima kama fedha za wanachama wenzake zimfuate au zibaki. Baadaye niliiacha meza ile nikafungua mashine ya kukoboa mpunga. Kwa hiyo wajasiriamali nimewatazama kwa jicho la anayekopesha, kisha nikaingia nikaonja mwenyewe.

Nianze na neno. Mjasiriamali: jasiri wa mali. Zamani lilikuwa neno la semina. Lakini Desemba 2018 Serikali ilipoanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka, likashuka mpaka kwa muuza karanga na kinyozi wa chini ya mti. Mimi nalipenda. Ni neno lenye msuli, na lilimpa heshima mtu ambaye jana aliitwa mzururaji. Ila linatoa nusu ya habari, nasi tumeishika nusu hiyo kana kwamba ndiyo yote. Kijana akisikia "mjasiriamali" anaona mtu aliyejitosa: kauza shamba la baba, kachukua mkopo mkubwa, kaacha kazi, na mambo yakamnyookea. Tunawaambia vijana wathubutu, wasiogope, wajilipue. Waliojilipua nimewaona. Wengi walikuja mezani kwangu mara mbili, na mara ya pili macho yalikuwa chini.

Mwaka 1755 kilichapishwa kitabu cha Richard Cantillon, mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland aliyefanya shughuli zake Ufaransa. Mwenyewe alikwisha kufariki tangu 1734. Humo alimweleza mjasiriamali kwa maneno ambayo mpaka leo sijakutana na yaliyo mepesi zaidi: ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Mama anayeshuka na gari la alfajiri kutoka Mgeta akiwa na matenga ya nyanya ndiye huyo. Bei ya shambani kaishalipa. Bei ya sokoni ataijua akishashusha mzigo, na itategemea wangapi wameshusha kabla yake, na tenga la chini limepondeka kiasi gani njiani. Hatari hiyo haina namna ya kuikwepa. Anayenunua leo auze kesho amekwisha kuibeba, awe jasiri au mwoga. Kinachotofautisha watu ni jinsi wanavyoibeba.

Hapa niwaeleze watu wawili. Majina nayahifadhi.

Wa kwanza ni mama aliyekuwa akiuza chai na maandazi jirani na stendi ya Msamvu. Alikuja ofisini na daftari la kurasa 96, jalada limelowa mafuta mpaka limekuwa kama ngozi, mgongo wake kaushona kwa uzi wa kushonea magunia. Kila ukurasa siku moja. Kushoto kaandika unga, sukari, hamira, mafuta, mkaa, madumu ya maji. Kulia kaandika maandazi mangapi yamekaangwa, mangapi yameuzwa, mangapi yamelala. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na mstari mmoja ulionishangaza: "ya watoto 6", na mbele yake bei, kama vile watoto wake walikuwa wateja. Nikamwuliza, "Mama, na haya ya nyumbani nayo unayaandika?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo. "Mwanangu, unga haujui kama umeliwa na mteja au umeliwa na mtoto."

Alikuwa anaomba laki mbili. Kwa akiba yake na kanuni zetu alikuwa na haki ya kuchukua hadi laki sita, na mimi, kijana mwenye bidii, nikamshauri achukue zote apanue biashara. Akatikisa kichwa. "Laki mbili, biashara ikifa, nitalipa kwa kufua nguo za watu miezi mitano. Laki sita nitalipa na nini?"

Ile hesabu alikuwa ameifanya kabla hajapanda ngazi za ofisi yetu. Alikuja akijua hasara yake ina ukubwa gani, na mikono yake inaweza kuilipa kwa muda gani.

Wa pili alikuwa kijana, fundi wa kuchomelea. Ninyi wa karakana ya vyuma nisikilizeni vizuri, maana alikuwa fundi hasa. Geti lake ukilifunga halina mlio. Kwa ujasiri alimzidi yule mama mbali sana. Alichukua milioni tatu. Akapanga fremu barabarani, akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akapaka rangi, akaweka kibao kikubwa na meza ya kioo ya kupokelea wateja. Alipomaliza hayo, fedha iliyobaki ya kununulia vyuma ilikuwa kidogo. Mteja wa kwanza akatoa advansi ya geti. Advansi ikaingia kwenye deni la mashine. Mteja wa pili akatoa advansi, ikanunua vyuma vya geti la kwanza. Wa tatu akanunua vyuma vya la pili. Mnaielewa barabara hiyo inakoelekea. Mwezi wa tano simu yake ikawa haipokelewi, na mwezi wa saba fremu ilikuwa ya muuza vipodozi.

Kijana yule hakuwa mvivu wala mwizi. Kila aliloambiwa kwenye semina alilifanya. Alithubutu. Nami ndiye niliyemwidhinishia mkopo, nikaona kibao kile nikafurahi naye, wala sikumwuliza swali moja ambalo yule mama alijiuliza bila kuulizwa na mtu: ikifa, utalipa na nini? Hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka baadaye nilikutana na kazi ya mtafiti mmoja, Saras Sarasvathy, mzaliwa wa India aliyesomea Marekani. Alikaa na watu 27 walioanzisha na kukuza kampuni kubwa kabisa, akawapa mfano wa biashara inayotaka kuanzishwa, akawaomba wafikiri kwa sauti huku yeye anaandika. Matokeo aliyachapisha mwaka 2001. Ungetegemea watu wale waanze kwa kukadiria faida ya miaka mitano. Hawakuanzia huko. Walianza na walichonacho tayari: mimi ni nani, najua nini, namfahamu nani. Kisha wakapima ni kiasi gani wako tayari kukipoteza jambo likiharibika, wakaweka hicho tu mezani. Wenye kampuni za mamia ya mamilioni ya dola walikuwa wanafanya hesabu ya mama wa Msamvu.

Na hapa kwetu? Mchukueni Reginald Mengi, mtoto wa Machame. Alikuwa mhasibu, tena mkuu wa kampuni ya Coopers & Lybrand hapa nchini. Miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu, wazazi mliopo hapa mnaikumbuka foleni ya sabuni na sukari, na hata kalamu ya kuandikia ilikuwa shida kuipata. Mengi akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Nyumbani, wanangu! Na kazi yake ya uhasibu hakuiacha. Aliiacha mwaka 1989, wakati biashara ilikwisha kusimama kwa miguu yake. Mwaka 1994 ndipo zikaja ITV na Radio One. Watu wanamsimulia kuanzia kwenye televisheni, mimi napenda kumsimulia kuanzia kwenye ile miaka ya kalamu, alipokuwa na mshahara mkono mmoja na biashara mkono mwingine, ili kalamu zikigoma kununuliwa nyumba isilale njaa.

Kwa hiyo nyie mtakaoajiriwa kwanza kwenye karakana ya mtu, msijione mmechelewa. Marekani watafiti waliwatazama waanzilishi wa kampuni wapatao milioni 2.7, wakakuta wastani wa umri wao wakati wa kuanzisha ni miaka 42, na kwa zile kampuni chache zilizokua kwa kasi kuliko zote, miaka 45. Nchi ile ndiyo tunayoonyeshwa kila siku vijana wa miaka 20 walioacha chuo wakatajirika! Wapo, lakini ni wachache. Miaka unayofanya kazi chini ya fundi mwingine ndiyo unajifunza bei ya vyuma, tabia za wateja, na nani anauza mali feki.

Sasa nije kwenye swali ambalo wazazi wananiuliza kila mara: hizi sifa mtu anazaliwa nazo? Mbona huyu ndugu yake anauza mpaka maji ya mvua na huyu mwingine ukimpa duka linakufa?

Lipo jibu moja ninaloliamini, limetoka Togo, kwenye mji wa Lomé. Watafiti waliwachukua watu 1,500 wenye biashara ndogo ndogo, wa aina ya hawa tunaowaona sokoni, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi matatu. Kundi moja halikufundishwa kitu. La pili likafundishwa mafunzo tuliyoyazoea: hesabu, masoko, kutunza fedha. La tatu likafundishwa tabia: kuanza jambo kabla hujasukumwa, kutafuta cha kukutofautisha na jirani, kutazama mbele, kujua kikwazo kitatokea wapi na kutokukata tamaa kikitokea. Wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 2017. Faida za kundi la tabia zilipanda kwa asilimia 30 kulinganisha na wasiofundishwa. Za kundi la hesabu zilipanda asilimia 11, na hata hiyo watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu.

Nitasema ukweli, matokeo yale yaliniuma. Mimi ni mtu wa daftari. Nimefundisha watu kuandika mapato na matumizi mpaka sauti ikakauka. Lakini nilipotulia nikamkumbuka yule mama. Mimi sikumfundisha daftari, wala hakuna aliyemfundisha. Alilitunga mwenyewe kwa sababu alikuwa na jambo alilotaka kulijua. Na alipolijua, alilifanyia kazi. Daftari lilimwonyesha kwamba katikati ya wiki maandazi yanalala, ilhali shule zinapofunguliwa na wanafunzi wanasafiri hayatoshi mpaka saa mbili. Akapunguza unga Jumanne na Jumatano. Akaona abiria wa mabasi ya alfajiri hawana muda wa kukaa kwenye benchi, akaanza kuyafunga manne manne tangu usiku, mtu anachukua anakimbia. Akaenda gereji tatu zilizokuwa karibu, kabla hawajamwita, akawauliza chai ya saa nne wanakunywa wapi. Daftari peke yake ni karatasi. Wale tuliowafundisha tukawalazimisha kuandika waliandika siku za ukaguzi tu.

Kwa hiyo nawajibu wazazi: hiyo tabia ya kutoka kwenda kuuliza kabla hujaitwa inafundishika, Lomé wamefundishwa watu wazima na imeshika. Mwanao akikuambia anataka kujaribu kufuga kuku wanne wa mayai uani kwako, usimkatize. Mpe nafasi ajue mwenyewe pumba inagharimu kiasi gani na kuku wanapougua anampigia nani.

Tazameni pia Said Salim Bakhresa. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule na miaka 14, akauza viazi vya urojo. Miaka ya 1970 akawa na mgahawa Dar es Salaam. Baadaye mikate, baadaye kusaga ngano yenyewe. Leo unga wa Azam uko mpaka nje ya mipaka yetu. Ukiifuata safari hiyo hatua kwa hatua utaona kila biashara mpya ilikuwa jirani na ile ya zamani. Mwenye mgahawa anajua mkate, mwenye mkate anajua unga. Anaingia mahali ambapo tayari alikuwa mteja, anazijua kero zake.

Kuna jambo jingine, na hili nataka nikae nalo, kwa sababu ninyi ni mafundi.

Kiswahili kina neno "mjasiriamali" mnalolijua. Kina na neno jingine ambalo semina hazilisemi: mali kauli. Nenda Kariakoo, nenda hapa kwenye Soko la Chifu Kingalu, uliza waliodumu miaka ishirini walianzaje. Wengi watakuambia: kwa mali kauli. Tajiri wa duka la jumla alinipa mzigo, nikauza, nikamrudishia fedha yake, akanipa mwingine. Ni mtaji usio na riba, usiotaka hati ya nyumba. Dhamana yake ni mdomo wako. Ulisema Ijumaa, na Ijumaa ulifika. Na kama mzigo haujatoka, Ijumaa hiyo hiyo ulifika mikono mitupu ukamwambia, "Mzee, nimeuza nusu, hii hapa, nusu nipe mpaka Jumatatu." Mtu huyo hata tajiri akikasirika atampa tena.

Asiye na kauli anaishia kwa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Nimeona mashine ya cherehani inabebwa na wadai mbele ya watoto.

Yule fundi wa mageti, kilichomwua mwisho hakikuwa deni letu. Deni tungelipanga upya. Kilichomwua ni ile simu aliyoacha kuipokea. Wateja wake walikuwa majirani, watu wa msikiti mmoja na kanisa moja, watu ambao angewaambia "nimeyumba, nipeni wiki tatu" wangenung'unika wakampa. Alipojificha wakasema katutapeli, na hapo ufundi wake wote mzuri ukawa hauna wa kuutetea. Wanangu, mji huu mteja amechoka na fundi wa "njoo kesho". Suruali haitakuwa tayari Jumamosi ya harusi? Piga simu Alhamisi. Itakugharimu aibu ya dakika mbili, na yule mteja atakuletea mdogo wake na shangazi yake.

Niseme na langu. Nilipofungua mashine nilijiona nimekamilika, nimewakagua wafanyabiashara mamia. Mauzo yote niliyaandika, gunia kwa gunia. Lakini droo ilikuwa karibu na mkono. Ada ya mtoto, nafungua droo. Msiba kijijini, nafungua droo. Wageni wa Jumapili, droo. Hayo sikuyaandika, maana nilisema ni fedha yangu. Kwenye mavuno ya pili mota ikaungua. Fundi akataka fedha ya kuisuka upya, nikafungua droo, hamna. Wiki saba mashine ilikaa kimya, katikati ya msimu, wakulima wanapita na magunia yao mbele yangu wanakwenda kwa mwingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa na daftari! Ila yale maandazi ya watoto nilikuwa siyaandiki. Toka siku hiyo nimejiwekea mshahara, mwisho wa mwezi, kama mfanyakazi mwingine pale, na droo ina funguo ambayo inakaa kwa mke wangu.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila aliyeanguka alikosa sifa fulani. Hapana. Nilipokuwa afisa mikopo, sababu niliyoisikia kuliko zote ilikuwa ugonjwa ndani ya nyumba. Mtoto kalazwa, mtaji umeishia hospitali. Wengine walihamishwa eneo wakapoteza wateja kwa wiki moja. Mtu wa namna hiyo hahitaji semina ya kuthubutu, anahitaji pa kuanzia tena. Na pa kuanzia papo pengine kuliko mnavyodhani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, ipo tangu 1973 kwa ajili ya watu wenye mikono kama yenu. Jiungeni vikundi na watu mnaowajua tabia. Msiokoteze majina ya kujaza fomu, kwa sababu mkopo wa kikundi mmoja akikimbia mnaulipa wote.

Yule mama alimaliza marejesho yake mwezi wa nne, mwezi mmoja kabla ya muda. Wiki iliyofuata alirudi kuomba mwingine. Nilifungua fomu nikadhani sasa atataka zile laki sita. Akaomba laki mbili na nusu. Ile hamsini iliyoongezeka, akasema, ni ya sufuria kubwa, kaishaiulizia bei maduka matatu.

Nimekuja na boksi, lile pale karibu na jukwaa. Kuna daftari la kila mhitimu, kurasa 96. Mkishuka na vyeti vyenu chukueni, mwalimu wa zamu atawagawia. Na ambao mmekwisha kuanza biashara, wa hapa chuoni au wazazi, nitakaa chini ya ule mwembe mpaka saa kumi jioni. Njooni na hesabu zenu jinsi zilivyo, hata kama zimechafuka, tuzitazame pamoja. Asanteni sana.